Jedwali la alama, bahati nasibu au mchezo wa hatua tatu: uchague ipi kulinda kabini na nyaya?

Mwenye kabini tatu, vile vibanda vya transfoma za umeme, na mlinzi mmoja ana swali lile lile walilo nalo wakuu wa viwanja vya ndege na bandari: usiku wa leo nimweke wapi? Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, swali hilo wanalo wengi. Kuna kampuni za madini kwenye barabara ya Likasi, kuna hospitali yenye transfoma yake, kuna kamati ya mtaa iliyochangisha falanga nyumba kwa nyumba ili inunue kebo mpya baada ya ile ya kwanza kukatwa. Wote hao wana vitu vingi vya kulinda na pesa kidogo ya kuvilindia.

Njia za kujibu ni nyingi, ila kwa mtu anayetaka kuamua naona tatu zinazostahili kuwekwa sambamba. Ya kwanza ni jedwali la alama, lile linalofundishwa kwenye semina za usalama. Ya pili ni ratiba ya bahati nasibu inayotokana na nadharia ya michezo, yaani hesabu ya maamuzi ya watu wanaoviziana. Ya tatu ni mchezo wa hatua tatu, ambamo unalinda, adui anashambulia, kisha unafufua kilichobaki. Niseme mapema ninakoegemea: kwa wizi wa kebo mjini nachagua ya pili, kwa njia kuu za umeme na vituo vikubwa nachagua ya tatu, na ile ya kwanza naiachia kazi ya kuhesabu mali.

Jedwali la alama

Kanuni yake ni fupi. Kwa kila kitu unakadiria tishio, udhaifu na madhara, unazidisha, halafu unapanga kuanzia namba kubwa hadi ndogo. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, iliyoundwa 2002, ilijenga sehemu kubwa ya mipango yake juu ya kuzidisha huko. Sifa yake ni kwamba haihitaji mtaalamu. Mkuu wa ulinzi, fundi wa umeme na mhasibu wakikaa mezani asubuhi moja wanatoka na orodha, na orodha hiyo inaeleweka hata kwa mwenye kampuni asiyependa hesabu.

Kasoro iko kwenye safu ya tishio. Ukiandika kwamba uwezekano wa kabini hii kushambuliwa ni 0.2, umemchukulia mwizi kama mvua. Mvua haijali umeezeka upande gani, itanyesha vile vile. Mwizi akiona umeezeka mashariki, anaingilia magharibi. Namba ya tishio inabadilika kwa sababu ya ulinzi wenyewe, na jedwali halina mahali pa kuandika hilo. Ukishamweka mlinzi palipo na alama ya juu, jedwali lako limekwisha kuwa la jana.

Angalia jinsi kebo inavyokatwa kwetu. Yenye umeme inaua, kwa hiyo mkataji anangoja delestaji, ule mgao wa umeme. Mtaa ukizimika anashuka na msumeno wa chuma, anachimbua pale udongo ulipo laini, anakata vipande vya urefu unaobebeka, anavipakia kwenye baiskeli. Alfajiri utaona moshi mweusi nyuma ya nyumba ambazo hazijaisha kujengwa: ni plastiki inayochomwa ili shaba ibaki peke yake. Kisha inapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu. Katika safari hiyo yote mkataji amefanya uamuzi mara nyingi, na kila mara ametazama kwanza. Ametazama zamu ya delestaji, ambayo watu wanatangaziwa ili wapange mambo yao na ambayo yeye anaigeuza ratiba ya kazi. Ametazama mlinzi anakwenda kula saa ngapi. Ukimuuliza mlinzi mwenyewe atakuambia bila kuzungukazunguka: “Patroni, bale batu banatuangaliaka.” Wanatutazama. Sentensi hiyo ndiyo msingi wa njia ya pili.

Ratiba ya bahati nasibu

Heinrich von Stackelberg, mchumi wa Kijerumani, mwaka 1934 alichambua masoko ambamo kampuni moja inatangulia na nyingine inafuata baada ya kuona hatua ya ile ya kwanza. Miongo mingi baadaye watafiti wa usalama waliona kwamba mlinzi na mshambuliaji wako hivyohivyo. Mlinzi anatangulia kwa kuweka ratiba, mshambuliaji anaichunguza wiki kadhaa, kisha anachagua. Anayetangulia anaonekana ameshindwa mapema, maana siri zake ziko wazi. Ila kama alichotangaza ni bahati nasibu yenye uzito uliopimwa, adui anaweza kuijua yote na bado asijue usiku huu mlinzi yuko wapi.

Haya hayakubaki kwenye makaratasi. Uwanja wa ndege wa Los Angeles ulianza mwaka 2007 kutumia programu iliyoitwa ARMOR, kazi ya kundi la Milind Tambe wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kupanga vizuizi vya barabarani na doria za mbwa. Walinzi wanaopanda ndege za Marekani kwa siri walipata yao 2009, na kikosi cha ulinzi wa pwani kikaanza na bandari ya Boston 2011. Jirani zetu wa Uganda nao waliijaribu: mwaka 2014 doria dhidi ya majangili katika hifadhi ya Queen Elizabeth zilipangwa kwa programu ya ukoo huohuo. Nautaja mfano wa Uganda makusudi, kwa sababu askari wa porini wenye miguu na karatasi wanafanana na walinzi wetu kuliko polisi wa Los Angeles.

Tuichukue kwa hesabu. Tuseme una kabini tatu: moja inalisha hospitali, ya pili soko, ya tatu nyumba za watu. Ikipigwa ya hospitali hasara yako, kwa alama za kukadiria, ni 9, ya soko 6, ya nyumba 3. Mlinzi ni mmoja, na pale alipo hakuna anayethubutu. Adui anataka kukuumiza iwezekanavyo, na ameshakuchunguza.

| Mpango wa usiku 10 | Hospitali | Soko | Nyumba | Hasara ya wastani adui akichagua vizuri |
|---|---|---|---|---|
| Mlinzi abaki penye alama ya juu | 10 | 0 | 0 | 6 |
| Kugawa kwa uwiano wa alama | 5 | 3.3 | 1.7 | 4.5 |
| Bahati nasibu ya mchezo | 6 | 4 | 0 | 3.6 |

Mstari wa kwanza ndio tunaouona kila mahali: hospitali imelindwa kama benki, na soko linapigwa. Mstari wa pili unaonekana wa haki na ndio watu wengi wanaochagua wakiambiwa “changanya kidogo”. Wa tatu unapatikana kwa kusawazisha: unaongeza usiku wa hospitali hadi faida ya kuipiga ilingane na faida ya kulipiga soko. Usiku sita hospitalini unamwachia adui nafasi 4 katika 10 za kupata 9, yaani 3.6. Usiku nne sokoni unamwachia nafasi 6 katika 10 za kupata 6, ambayo nayo ni 3.6. Nyumba hazipati mlinzi hata usiku mmoja, na ni sawa kihesabu, kwa sababu 3 ya uhakika bado ni ndogo kuliko 3.6. Kumweka mlinzi huko ni kumwondoa mahali ambapo adui angefaidi zaidi.

Hapo jambo linakuwa tamu, na ndipo wanaonunua programu bila kuielewa wanapoteleza. Adui niliyemweka kwenye hesabu ni mhujumu, mtu anayefurahia maumivu yako. Mkataji wa kebo wa Lubumbashi hana haja na maumivu yako. Anataka kilo za shaba, na shaba ya kabini ya nyumba ni sawa na ya hospitali. Mpe mtu huyo mpango wa 6, 4 na 0: atakwenda kwenye nyumba moja kwa moja, kila mara, na utapoteza 3 bila kupungua. Badili uwe 4, 4 na 2. Sasa sehemu anayoona rahisi bado ni kabini ya nyumba, lakini katika usiku 10 anakutana na mlinzi mara mbili, na hasara yako ya wastani inashuka hadi 2.4. Unaweza kushuka zaidi, karibu na 2, ukigawa usiku karibu sawasawa na kupunguza kidogo tu upande wa nyumba. Mimi singefanya hivyo. Mwizi hatambui tofauti ya usiku 17 na 16 katika 50, na akikosea akapiga hospitali, hasara ya wastani ni karibu 6. Watafiti waliopanga doria za bandari ya Boston waliliona hilo pia: waliacha kumchukulia adui kama kikokotoo, wakamweka mtu anayekosea mara nyingine.

Na mpango wa 4, 4, 2 ukikutana na mhujumu wa kweli? Atapiga hospitali, na wastani wa hasara ni 5.4. Basi kabla hujagusa hesabu, amua adui yako ni nani. Ukijibu vibaya hapo, bahati nasibu iliyopigwa kwa ustadi inaweza kukugharimu kuliko mpango wa mtu aliyegawa kwa uwiano wa alama.

Kuna jambo la aibu ndani ya hesabu hii ambalo vitabu vinalipita haraka. Tumemsukuma mwizi kwa wenye nyumba. Aliyeandika kwamba nyumba zina thamani ya 3 ni nani, na alikaa mezani na mama gani wa mtaa huo ambaye friji yake ya kuuzia samaki imezimika wiki mbili? Namba za madhara ni siasa iliyovaa koti la hesabu, na njia zote tatu zina ugonjwa huo. Tofauti ni kwamba mchezo unazifanya zionekane, kwa sababu ukibadili 3 kuwa 5 ratiba yote inasogea mbele ya macho ya kila mtu.

Kwa vitendo, hakuna haja ya kompyuta ukiwa na sehemu nne au tano. Karatasi kumi kwenye kopo, nne zenye alama ya hospitali, nne za soko, mbili za nyumba. Chota moja kila jioni, na uirudishe. Asiyerudisha karatasi ameharibu kazi, kwa maana mtu anayehesabu atajua karatasi za mwisho ni zipi. Na usimwachie mkuu wa zamu “achanganye kichwani”. Binadamu akijaribu kubahatisha huwa anakwepa kurudia, kwa hiyo mlinzi aliyekuwa sokoni jana karibu hakika hayuko sokoni leo, na mkataji anajua.

Mchezo wa hatua tatu

Hizi mbili za kwanza zinauliza mlinzi akae wapi. Ya tatu inauliza swali lingine: wakishafanikiwa, nini kitabaki kikiwaka? Imeendelezwa hasa na wahesabati wa chuo cha uzamili cha jeshi la majini la Marekani kule Monterey, California, waliochunguza mitandao ya umeme tangu miaka ya 2000. Hatua ya kwanza ni yako: unaimarisha, unaongeza njia ya pili, unanunua akiba. Ya pili ni ya adui, anayechagua pigo baya kuliko yote kwa nguvu alizo nazo. Ya tatu ni yako tena: unaelekeza umeme upya kwa njia zilizobaki ili watu wachache wakose. Hesabu inatafuta uwekezaji unaofanya pigo hilo baya liwe dogo iwezekanavyo.

Katanga, huku kwetu kwenye migodi, tunayo sababu ya pekee ya kuijali. Njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga, magharibi mwa Kongo, hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita kama 1,700, ilianza kazi 1982, na ilijengwa ili migodi ya huku ipate umeme wa mto Kongo. Hakuna ratiba ya walinzi itakayoitosha. Weka mtu mmoja kila kilomita na bado unahitaji watu 1,700 kwa zamu moja, na kilomita moja ya pori usiku ni kubwa kwa mtu mmoja. Watu wamefungua vyuma vya minara yake wakaenda kutengenezea vitu vya nyumbani. Kwa kitu cha namna hiyo kuuliza “mlinzi akae wapi” ni kupoteza muda.

Swali linalofaa ni: Inga ikikatika, nini kinabaki? Kuna mitambo ya umeme wa maji ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, na kuna njia ya kuvuka kwenda Zambia kutoka kituo cha Karavia hapa mjini. Mchezo wa hatua tatu unachukua orodha hiyo pamoja na uwezo wa kila waya, kisha unakuonyesha kitu ambacho jedwali halikionyeshi: jozi. Kituo A peke yake si kitu, kituo B peke yake si kitu, lakini vikipotea vyote viwili usiku mmoja nusu ya mji iko gizani na pampu za maji zimesimama. Jedwali linatoa alama kwa kila kimoja, halitoi alama kwa ndoa zao.

Mfano wa nje unasaidia. Tarehe 16 Aprili 2013, watu wasiojulikana walikata kebo za mawasiliano karibu na kituo cha umeme cha Metcalf, nje ya San Jose huko California, halafu wakakipiga risasi kwa bunduki. Transfoma 17 ziliharibika, na hasara ilizidi dola milioni 15. Hata hivyo mji haukuzimika, kwa sababu waendeshaji waliuzungusha umeme kupitia kwingine. Uzio wa Metcalf ulishindwa, mtandao wake ukasimama. Hiyo hatua ya tatu ndiyo iliyowaokoa.

Gharama yake ndiyo inayokatisha tamaa. Inataka data ya mtandao mzima, fundi anayejua mtiririko wa umeme, na programu nzito. Kamati ya mtaa haiwezi, hospitali moja haina sababu, na kampuni ya mgodi inaweza kwa eneo lake tu. Tena jibu lake ni hatari lenyewe: ukurasa unaosema vitu gani viwili vikipotea vinaua mtandao ni zawadi kwa adui. Atakayeifanya kazi hiyo aifungie kabatini, asiiweke kwenye uwasilishaji wa semina.

Faida kubwa ya njia hii, kwa maoni yangu, ni kwamba mara nyingi inakuambia usiajiri mlinzi. Transfoma kubwa haipatikani dukani, kuiagiza kunaweza kuchukua mwaka au zaidi. Kuwa na moja ya akiba, au swichi inayouunganisha mtaa na kabini ya jirani, kunaweza kupunguza madhara kuliko mishahara ya walinzi kumi, na swichi haiendi kula.

Nyingine mbili, kwa kifupi

Utasikia pia mchezo wa Blotto, wenye mizizi kwa Émile Borel wa Ufaransa mwaka 1921: majemadari wawili wanagawa askari kwenye viwanja kadhaa kwa wakati mmoja, bila kuonana. Unafaa pale adui asipoweza kukuchunguza kabla. Mjini kwetu, ambako muuza karanga anajua saa ya chakula cha mlinzi, sioni mahali pake.

Mwingine ni mchezo wa majirani, uliochambuliwa na Howard Kunreuther na Geoffrey Heal mwaka 2003. Ulinzi wako unategemea uzembe wa mwenzako: ukijenga ukuta na jirani asijenge, wanapitia kwake. Huu hauchagui ratiba, unaeleza kwa nini mtaa mzima hauchangii kebo ilhali kila mmoja anaihitaji. Kamati zinazochangisha zinaufahamu vizuri bila kusoma chochote.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Kamati ya mtaa au shule yenye sehemu mbili tatu ichukue kopo na karatasi, pamoja na jedwali fupi la kupatia namba za madhara. Ifanye jambo moja la ziada: uzito wa karatasi ubadilike usiku wa delestaji, kwa sababu usiku wenye umeme mkataji hana kazi. Ukielekeza doria zako zote kwenye saa za giza peke yake, umepata ulinzi zaidi bila kuongeza mshahara.

Kampuni yenye kilomita kadhaa za kebo na vikundi vitatu vya doria inaweza kumlipa mtu wa hesabu kutoka chuo kikuu cha hapa aiandikie programu ndogo. Ampe kazi mbili tofauti, ratiba ya wezi wa shaba na ratiba ya mhujumu, na yeye achague kwa kutazama matukio yake mwenyewe. Kama yaliyokatwa yote yaliishia kwenye mizani ya mitraye, jibu analo.

Hospitali ninaiweka mbali na wote hao. Mlinzi wake wa kwanza ni jenereta inayowaka mara moja na dizeli ya siku kadhaa, yaani hatua ya tatu bila hesabu. Ikishapata hivyo, thamani ya 9 niliyoipa kabini yake inashuka, ratiba yote ya mtaa inabadilika, na usiku wa mlinzi unaweza kurudi sokoni na kwenye nyumba.

Wenye njia kuu na vituo vikubwa hawana budi kufanya hesabu ya hatua tatu, hata kama ni kwa mkoa huu tu kwanza.

Limebaki tatizo la mtu wa ndani, na hapa njia zote tatu zinakohoa. Mlinzi anayepiga simu jioni kusema karatasi gani imechotwa ameigeuza bahati nasibu kuwa ratiba ya wazi. Dawa ya kiufundi ni kuchota dakika za mwisho, mchotaji asiwe yule wa jana, na doria ijue inakokwenda ikiwa tayari njiani. Dawa isiyo ya kiufundi ni mshahara. Mkataji anaweza kumpa mlinzi kwa usiku mmoja pesa ambayo mwajiri amemcheleweshea miezi miwili, na kiasi hicho kinapaswa kuingia kwenye hesabu kama namba nyingine yoyote: kikiwa kikubwa kuliko mshahara wa mwezi, ratiba ya aina yoyote haina maana mpaka malimbikizo yalipwe.